PIMENI SPEA, MSITAZAME BOKSI

Ndugu wafanyakazi,

Wako wasemao spea ya ng'ambo ni dhahabu na ya hapa nchini ni takataka. Wengine hujibu: nunueni ya kwetu tu. Wote wawili hawajapima.

Sisi tunaotunza mashine za maji hapa Kulesa twajua. Maji ya mto Tana yana matope na mchanga. Hula bushi ya pampu bila kuuliza ilitengenezwa wapi. Bushi ya shaba iliyokerezwa vizuri na fundi wa hapa yafaa. Ringi za pistoni ni jambo jingine: zataka chuma maalum na kipimo kikali. Lakini hata boksi lenye jina kubwa laweza kuwa la bandia. Ndiyo maana Kenya ilitunga sheria ya bidhaa bandia mwaka 2008.

Basi tia ringi ndani ya silinda, pima mwanya wake kwa fila, ulinganishe na kitabu cha injini. Hapo ndipo useme nzuri au mbaya.

Tena tajiri akinunua spea rahisi, injini ikafa, asimkate fundi mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kwa uharibifu uliotokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Ubovu wa spea si kosa la fundi!

Twadai: fundi aulizwe kabla ya kununua, karakana ipewe vipimo, spea mbovu irudishwe dukani.

Umoja ni nguvu.