Wimbo wa Jirani Ni Shahidi

Msomaji, iko dharau moja iliyokwisha kuwa desturi miongoni mwetu, nayo ni dharau ya wimbo upendwao na mtu mwingine. Mzee husikia wimbo wa kijana akasema kuwa hizo ni kelele. Kijana husikia wimbo wa mzee akasema kuwa hayo ni mambo ya wafu. Mwenye elimu huwasikia wote wawili akacheka, akasema kuwa wimbo ni kitu cha kupitishia wakati tu, na kwamba mtu atokwaye na machozi kwa sababu ya gitaa la zamani ana akili nyepesi. Nasema kuwa wote watatu wamekosea, na kosa lao si dogo. Adharauye wimbo wa mtu hudharau miaka ya maisha yake.

Chukua mfano wa Mukuru kwa Reuben, mashariki ya jiji la Nairobi, mahali palipokaribiana na viwanda na kupitiwa na Mto Ngong. Nyumba nyingi za huko ni vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi. Wakaao humo walitoka Ukambani, Nyanza, Kisii, nchi ya Waluhya, Ugikuyuni na kwingineko, wakaja kutafuta riziki. Katika chumba kama hicho hamna nafasi ya kabati la picha za ukoo wala sanduku la barua za babu. Moto ukizuka huweza kuteketeza safu nzima ya nyumba kabla maji hayajafika. Mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa jirani, walibomolewa nyumba zao ili barabara ipite. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa ya Aprili na Mei, nyumba zilizokuwa kandokando ya mto zilibomolewa, na za Mukuru kwa Reuben zilikuwa miongoni mwake. Jiulize basi: mtu aliyepoteza nyumba, picha na karatasi zake, kumbukumbu za maisha yake zikae wapi? Hazina budi kukaa katika vitu visivyoungua wala kubomoka. Wimbo ni mmoja wa vitu hivyo.

Jioni, wafanyakazi warudipo kwa miguu kutoka viwandani, redio husikika kwa kinyozi, kwa fundi wa viatu na kwa mama auzaye chapati. Ukipigwa wimbo wa D. O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, mtu mmoja huikumbuka asubuhi alipopanda basi kutoka Nyanza na mfuko mmoja mkononi. Ukifuata wa Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, mwenzake huuona uwanja wa harusi ya dada yake huko Ukambani. Ukija wa E-Sir, kijana aliyekufa kwa ajali ya gari Machi 2003, mdogo wao humkumbuka rafiki wa darasani ambaye hajui alikohamia. Hapo mmoja humwuliza mwingine, “Na wewe, ndugu yangu, wimbo huu wakukumbusha nini?” Katika mtaa ambao watu wake walitoka pande nyingi na wana lugha nyingi, swali hilo huwajulisha majirani kwa saa moja kuliko hotuba za viongozi kwa mwaka mzima.

Mazungumzo haya si mapya. Katika zama za Sauti ya Kenya, kati ya mwaka 1964 na 1989, na hata baadaye, wasikilizaji walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya wazazi, ndugu na marafiki, wakaomba na wimbo. Wenye majivuno walisema kuwa hiyo ilikuwa shughuli ya walinzi wa usiku na watumishi wa nyumbani. Sawa, na iwe hivyo! Nani mwenye haja zaidi ya kutuma salamu kuliko mlinzi aliye mbali na mkewe, au mtumishi aliyewaacha wazazi wake bara? Tajiri alikuwa na simu na gari. Maskini alikuwa na kadi na wimbo. Leo Mukuru kwa Reuben ina redio yake ya jamii, Ruben FM, na wakazi wa mabati wanaweza kusikia sauti ya mtaa wao hewani. Mwenye kuona kuwa hilo ni jambo dogo hajapata kukaa mahali ambapo habari zake husimuliwa na wageni tu.

Lakini faida ya wimbo haiishi katika kuliwaza moyo. Wimbo ni kalenda pia. Mababu zetu walihesabu miaka kwa njaa, kwa nzige na kwa marika ya tohara. Watu wa miji huihesabu kwa nyimbo. Mwulize mama aliyepoteza karatasi zake motoni alihamia Mukuru mwaka gani. Pengine hatakumbuka tarehe, lakini atasema kuwa wimbo Unbwogable ulikuwa ukivuma kila pembe. Wimbo huo wa Gidi Gidi Maji Maji ulitoka mwaka 2002, ukawa wimbo wa kampeni za muungano uliomweka Mwai Kibaki madarakani Desemba ya mwaka huo. Mwingine atakuambia kuwa alifika wakati watu walipoimba Daima wa Eric Wainaina, wakiwalilia waliouawa kwa bomu la tarehe 7 Agosti 1998, ambao idadi yao ilizidi 200. Sisemi kuwa wimbo ni hati ya kiwanja. Nasema kuwa ni uzi, na mwenye kuushika huweza kuufuata mpaka aipate tarehe. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa upya, swali la nani amekaa wapi na tangu lini lilikuwa swali zito. Watu ambao historia yao haikuandikwa hawana ruhusa ya kuutupa ushahidi wowote.

Atatokea mpinzani aseme kuwa kumbukumbu hudanganya. Kweli, hudanganya, na karatasi nazo hughushiwa. Kwa hiyo shahidi hupimwa, hafukuzwi. Tena wimbo una sifa moja njema katika kupimwa: hauwezi kusikiwa kabla haujatungwa. Mtu akidai kuwa aliucheza Unbwogable mwaka 1997, wimbo wenyewe utamkosoa kwa upole.

Mpinzani wa pili atasema kuwa nyimbo nyingine ni chafu. Naam, zipo. Wimbo Tarimbo wa kundi la Ethic ulishutumiwa vikali mwaka 2019 kwa maneno ya kuwadhulumu wanawake, na shutuma hiyo ilikuwa ya haki. Kumbukumbu ya mtu haigeuzi maneno maovu kuwa mema. Lakini nyimbo mbovu hazituhalalishii kuzidharau nyimbo zote za vijana, kama vile kitabu kimoja kibovu kisivyotuhalalishia kuchoma maktaba. Tena mwenye kuonya husikilizwa zaidi akiwa ameuliza kwanza kijana amependa nini katika wimbo ule.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye unafiki mkubwa kuliko wote. Yeye husubiri wimbo wetu usifiwe ng'ambo ndipo auone kuwa una thamani. Daudi Kabaka aliimba Helule Helule, na watu wa Nairobi wakaucheza. Lakini Waingereza wa bendi ya The Tremeloes walipourekodi mwaka 1968, wenye dharau walishangaa. Fadhili William aliurekodi Malaika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na utunzi wake umegombewa hadi leo. Miriam Makeba alipouimba, dunia ilipiga makofi. Na Malaika una habari gani? Ni habari ya kijana apendaye, asiye na mali ya kuolea. Kijana huyo anaishi Mukuru hata leo. Ikiwa kilio chake ni sanaa jukwaani Ulaya, kwa nini kiwe upuuzi mlangoni kwa kinyozi?

Hata elimu ya ubongo imewaumbua wenye dharau. Mwaka 2009 Petr Janata, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, alieleza jinsi alivyowapigia wanafunzi vipande vya nyimbo za miaka yao ya utoto na ujana huku akipima kazi ya ubongo wao. Aliona kuwa sehemu moja iliyo nyuma ya paji la uso hushughulika zaidi wimbo uamshapo kumbukumbu za mtu mwenyewe. Na sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zinazochelewa kudhoofika kwa ugonjwa wa usahaulifu wa wazee. Basi huenda bibi aliyesahau jina la mjukuu wake akaitika kwa wimbo wa ujana wake. Nani atamwambia kuwa wimbo huo ni takataka?

Kwa hiyo, msomaji, nina neno moja kwako wewe uliye shuleni na mwenye daftari na kalamu. Nenda kwa jirani aliyekuzidi umri. Mwulize kwa adabu, “Shikamoo, wimbo gani ukiusikia huacha kazi mkononi?” Kisha andika jina la wimbo, mwaka, mahali alipousikia na watu aliokuwa nao. Akikuuliza wako, mtajie bila haya. Fanya hivyo mapema, maana maji ya mto hayangoji, moto haungoji, na wazee hawangoji. Siku mabati yatakapong'olewa tena, daftari lako liwe limekwisha kujaa.