Gobore Lichaguliwe kwa Mtutu, Si kwa Bei

Wapo wanaodhani kwamba gobore ni silaha duni, hivyo lolote lafaa. Dhana hiyo ni ya hatari. Katika bunduki hii baruti na risasi hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, na mtutu ndio unaozuia mlipuko usimrukie mwindaji usoni.

Kwa sababu hiyo, sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1813 iliunda nyumba ya majaribio mjini Birmingham. Mtutu ulifyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Uliostahimili ukapigwa muhuri. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na fundi anayelitumia anauza ulemavu.

Basi mwenye kibali halali atazame kwanza muhuri. Kisha mtutu usiokuwa na ufa wala kutu, maana masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu. Halafu nyundo isiyoanguka yenyewe. Nakshi za kitako zije mwisho. Walimu na watumishi walioko vijijini, ambao ushauri wao huheshimiwa, wayaeleze haya bila kuchoka. Mnyama aliyekosekana leo hupatikana kesho. Jicho likipotea halirudi.