Mchezo hauna damu, lakini unauza nini?

Mzazi akimkuta mtoto na mchezo mpya kwenye simu, kwanza hutafuta bunduki na damu. Asipoviona, anashusha pumzi na kurudi jikoni. Ukaguzi huo ni mzuri, ila kuna kitu unakiacha kipite.

Mwaka 1996 huko Marekani, watoto walifungua maboksi ya Chex, nafaka za kifungua kinywa, wakakuta sidii ya mchezo wa kompyuta, bure. Chex Quest ulijengwa juu ya programu ya Doom, mchezo wa 1993 uliojulikana kwa kumwaga damu. Humu damu yote iliondolewa. Shujaa amevaa vazi lenye umbo la kipande cha Chex, na maadui zake, viumbe vya kijani vyenye utelezi, hawafi. Wanarudishwa kwao tu. Mzazi angelalamikia nini hapo? Na wakati huohuo mtoto wake alikuwa ameivaa bidhaa mwilini, saa nzima.

Burger King walikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa 2006 walitoa mchezo wa Xbox uitwao Sneak King, ambao mhusika wake ni Mfalme, yule mwenye uso wa plastiki wa kwenye matangazo yao. Kazi ya mchezaji ni kumnyatia mtu mwenye njaa na kumtokea ghafla na chakula kabla hajazimia. Ni kichekesho, na kidogo kinatisha. Aliyenunua mlo aliupata kwa dola 3.99. Pamoja na michezo yao mingine miwili ya msimu huo, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 2. Tangazo la televisheni huisha kwa nusu dakika. Hili watu walililipia, wakalirudia jioni baada ya jioni.

Mwaka 2004 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba watoto wa chini ya miaka 8 hawatambui kuwa tangazo linakusudia kuwashawishi. Kwa mtoto wa miaka 6, Mfalme ni rafiki wa kucheza naye, basi.

Si lazima kumnyang'anya simu. Keti naye dakika 10, mwache akufundishe kucheza, kisha muulize: huyu umemwona wapi tena? Dukani? Kwenye pakiti? Nani amelipa ili tucheze bure? Wa darasa la nne ataona raha kuyawinda matangazo mwenyewe, na huenda akakushinda. Mdogo zaidi hataelewa hata ukirudia mara tatu. Huyo mchagulie mchezo wewe. Mkiwa dukani akalilia pakiti yenye sura anayoijua, mkatalie bila kumgombeza, maana anafanya kilekile ambacho mchezo ulitengenezwa ili akifanye.