Word imebadilika sura tena? Tulia, kazi ni ile ile

Umeshuka steji ya 46 pale Kawangware, saa mbili asubuhi, flash diski mfukoni. Saa nne unatakiwa mjini kwa mahojiano ya kazi. Kilichobaki ni kidogo tu: kwenye wasifu wako, jedwali la shule ulizosomea limekatika, nusu iko ukurasa wa kwanza na nusu wa pili. Nyumbani Riruta, kwenye laptopu nzee ya binamu, ungelirekebisha ukiwa umefumba jicho moja. Lakini saiba uliyoingia wamebadilisha mashine. Word inafunguka na sura usiyoijua. Kona zimekuwa mviringo, na kile kitufe kidogo cha kutengua ulichozoea kukiona juu kabisa kushoto hakipo. Unabofya huku, unabofya kule. Mhudumu ana foleni ya watu wa eCitizen na KRA, hana wakati wako. Na dakika zinahesabiwa, bob baada ya bob.

Wengi wetu tumekalia kile kiti. Kinachouma hata si zile shilingi. Ni ile aibu ya kuwa na cheti cha kompyuta pakeji, karo imelipwa kwa pesa za mboga za mama, halafu msee unakaa mbele ya skrini kama mgeni. Unaanza kujiambia kwamba labda hukuwahi kuijua kompyuta.

Uliijua. Tatizo ni kwamba ulifunzwa vitu viko wapi, hukufunzwa vinaitwaje wala vinafanya nini. Aliyekufunza hivyo alikupa ramani ya nyumba ambayo mwenye nyumba huibomoa na kuijenga upya kila baada ya miaka michache.

Maana hii si mara ya kwanza. Toleo la kwanza la Word kwa Windows, la mwaka 1989, lilikuwa na menyu juu na vibao viwili tu vya vitufe. Kila toleo likaongeza chake. Kufikia Word 2003, vibao hivyo vilikuwa 31, na hakuna binadamu aliyejua vyote. Jensen Harris, mmoja wa walioongoza usanifu mpya pale Microsoft, alieleza wakati huo kwamba watu walikuwa wakiomba waongezewe vitu ambavyo tayari vilikuwamo ndani ya programu. Hawakuwa wameviona tu. Walipochunguza watumiaji wanafanya nini hasa, waligundua kwamba amri tano, yaani kubandika, kuhifadhi, kunakili, kutengua na kuweka herufi nzito, zilichukua karibu thuluthi ya matumizi yote ya amri katika Word 2003.

Januari 2007 basi, menyu zikaondolewa na pahali pake pakaja utepe, ule mkanda mpana wa vitufe unaogawanywa kwa vichupo. Mwaka huo huo faili zikaanza kuishia na docx badala ya doc, na mashine za zamani zikagoma kuzifungua mpaka ziwekewe kiraka. Calibri ikaipindua Times New Roman. Mwaka 2010 kile kitufe cha duara kilicholetwa na utepe kikatolewa, 'File' ikarudi. Mwishoni mwa 2021 ikaanza kusambazwa sura hii ya kona za mviringo. Mwaka 2023 Microsoft wakatangaza kwamba Calibri nayo inampisha Aptos. Aliyeanza kuchapa kidato cha kwanza mwaka 2006 amehamishwa nyumba angalau mara tatu bila kuulizwa.

Na atahamishwa tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10, na siku hiyo hiyo wakasitisha kwa Office 2016 na 2019. Ofisi yenye pesa kule Upper Hill au Westlands itanunua mashine mpya. Saiba ya Kawangware itaendelea na ilizo nazo mpaka zife, kwa sababu mwenye saiba ana kodi ya nyumba, ana stima, ana wino wa printa. Hapo ndipo sisi wa mitaa hii tunaposhikwa: tunajifunzia kwenye sura nzee na kupimwa kwenye sura mpya.

Kuna vyuo vidogo tele juu ya maduka kando ya Naivasha Road na kwingineko, na vimewafaa vijana wengi ambao milango mingine ilikuwa imefungwa. Hatuvidharau. Lakini fungua daftari la mwanafunzi wake usome: "Bofya kichupo cha pili, kisha kitufe cha tatu kutoka kushoto." Hayo ni maelekezo ya kwenda kwa shangazi, siku shangazi akihama umepotea. Mwalimu angesema "tunataka kuingiza jedwali", mwanafunzi angejua atafute neno jedwali, popote litakapokuwa, hata kama siku hiyo amewekwa mbele ya Google Docs au LibreOffice. Ukisajiliwa mahali pa namna hiyo, uliza swali moja tu kabla ya kulipa: je, tutafanya zoezi moja kwenye programu mbili tofauti? Wakikuangalia kama umechanganyikiwa, tafuta pengine.

Waajiri nao wasikie. Ukimweka kijana mbele ya mashine ambayo hajawahi kuigusa ukampa dakika kumi achape barua, hupimi uwezo wake wa kuandika barua, unapima kama kwao wana laptopu ya mwaka huu. Mpe dakika tano za kuzungukazunguka kwanza. Dakika tano hazitakugharimu kitu.

Turudi kwako. Katika mahamisho haya yote kuna vitu ambavyo havikuguswa, na ndivyo vya kushika kwanza. Ctrl na C hunakili, Ctrl na V hubandika, Ctrl na Z hutengua, Ctrl na S huhifadhi, Ctrl na P huprinti. Wazo la kukata na kubandika maandishi lenyewe lina umri kuliko wazazi wa wengi wetu: Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walilitengeneza katika maabara za Xerox PARC, California, miaka ya 1970. Tesler alifariki Februari 2020, na vidole vya dunia nzima bado vinafuata alichokibuni. Kumbuka zile amri tano. Zote zina njia ya kibodi, yaani karibu thuluthi ya kazi yako haitegemei utepe hata kidogo.

Cha pili ni kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya dirisha katika matoleo ya karibuni. Bonyeza Alt na Q, andika unachotaka, nacho kitakuletea amri yenyewe. Ajabu ni kwamba watu wanaotafuta kila kitu Google na TikTok hawakigusi. Sehemu yake ngumu ni moja: lazima ujue jina la kitu. Ukiandika "ile mistari ya juu" hakitakuelewa.

Cha tatu, bofya kulia. Menyu inayojitokeza ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya ni ndugu wa zile menyu za zamani. Na ukiingia ndani zaidi, kwenye madirisha ya mipangilio ya aya au ya jedwali, utakuta yanafanana sana na ya Word 2003. Walipaka rangi sebule, jikoni hawakufika.

Kwa mfano, lile jedwali lako lililokatika. Chagua mistari yake yote isipokuwa wa mwisho, bonyeza Alt na Q, andika "Paragraph", fungua dirisha lake, kisha utafute maneno 'Keep with next' uyatie tiki. Jedwali zima litakaa ukurasa mmoja, mradi linatosha. Na kama utepe wote umetoweka, usiite fundi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyekutangulia alibonyeza Ctrl na F1. Bonyeza tena, utarudi.

Ni hapa kwenye majina ndipo Kiswahili kingetufaa, na hii ni hadithi inayosikitisha kidogo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nao wakatoa tafsiri ya Kiswahili kwa Office 2003. Wataalamu walikaa wakajadiliana neno kwa neno: hifadhi, hariri, bandika. Muda si mrefu, mwaka 2007, zile menyu za Word zikafutwa. Tafsiri mpya zilikuja baadaye, lakini ingia saiba yoyote kutoka Satellite mpaka Kongo uone kama utakuta mashine moja inayosema 'Hifadhi'. Hatukuzitumia kwa sababu mahojiano yako kwa Kiingereza, mwalimu anafunza kwa Kiingereza, na mteja anayefuata ataudhika. Sawa. Lakini hakuna anayekukataza kuandika kwenye daftari lako, upande mmoja neno la skrini, upande wa pili maana yake kwa lugha unayoota nayo. Mtu anayejua kwamba 'indent' ni kusogeza aya ndani hatahitaji kukariri kitufe chake kinakaa wapi.

Kuna jambo moja kwenye sura hizi mpya ambalo si la urembo, na hapa tunaomba uwe makini kwelikweli. Word ya siku hizi hupenda kuhifadhi kazi yako mtandaoni, kwenye akaunti iliyoingia kwenye mashine hiyo. Saiba, akaunti hiyo si yako. Ni ya mwenye saiba, au ya mteja wa jana aliyesahau kutoka. Wasifu wako una namba ya kitambulisho, namba ya simu, majina ya wadhamini wako, labda na PIN ya KRA. Ukibofya kuhifadhi bila kutazama, umeyaacha yote mikononi mwa msee usiyemjua, na flash diski yako umeondoka nayo tupu. Bonyeza F12 badala yake (kwenye laptopu nyingine ni Fn pamoja na F12). Litafunguka lile dirisha la zamani la kuchagua pahali pa kuhifadhi. Chagua flash diski. Kisha, kabla hujainuka, ifungue uhakikishe faili imo, na ufute nakala yoyote uliyoiacha kwenye mashine.

Usisubiri asubuhi ya mahojiano ndipo ujifunze haya. Jumamosi hii nenda saiba ambayo hujawahi kuingia, yenye mashine mpya kuliko uliyozoea. Lipa nusu saa. Chukua barua yako moja ya zamani, iingizie jedwali, ibadilishe pambizo, ipe namba za kurasa, iprinti ukurasa mmoja, bila kumwita mtu. Ukikwama, Alt na Q. Mhudumu akija kuuliza unatafuta nini, mwambie hutafuti kitu, unazoea nyumba tu.