Acheni Ua Litoe Mbegu

Leo tuzungumzie koliasi, lile ua ambalo wengi wenu mnalo mlangoni kwenye kopo la rangi na hamjui jina lake. Jani moja ni zambarau lenye ukingo wa kijani cha ndimu, jingine jekundu lenye mishipa ya waridi, jingine lina madoadoa kama limerushiwa rangi kwa brashi. Maua yenyewe ni vishada vyembamba vya samawati, hayana makuu. Uzuri wote uko kwenye majani.

Shika shina lake utaona lina pembe nne, kama la mrehani tunaotia kwenye kikuba, maana ni wa ukoo mmoja. Mliotoka bara mnamjua ndugu yake, maigoya, ile ya kupandwa kama uzio wa shamba. Hili la rangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Lilifika Ulaya kutoka Java katikati ya karne ya 19, na miaka ya 1860 Waingereza wakalichanganya mpaka aina mpya zikauzwa kwa mnada. Leo aina zake ni mamia.

Sasa nisikilizeni. Ukikata kijitawi ukakitia kwenye glasi ya maji, wiki moja au mbili kina mizizi. Hivyo ndivyo linavyotembea Mji wa Kale, jirani kwa jirani, roshani kwa roshani. Lakini kijitawi kitakupa rangi ile ile ya mama yake. Ukitaka rangi ambayo hujapata kuiona, panda mbegu. Ni ndogo kama vumbi, na usizifukie, zinataka mwanga. Miche ikishatoa majani mawili matatu utashangaa: mama mmoja, na watoto kila mmoja na rangi zake.

Maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda: makanisa yetu hapa kisiwani yamezoea vijitawi. Kijana akiokoka leo, baada ya miezi mitatu anahubiri kwa sauti ya mchungaji wake, hata kikohozi ni kile kile. Dada wa timu ya sifa analia pale pale anapolia mwimbaji wa kwenye simu. Na yule kijana mkimya, anayependa kutengeneza nyaya kuliko kushika maikrofoni, tunasema bado hajakolea. Baadhi yao wameondoka kwa ajili hiyo, na mama zao ndio wanaonipigia simu usiku. Daudi alivua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuyazoea, na Goliathi alianguka vile vile.

Mtaniambia, Mchungaji, bila kielelezo vijana watapotea. Kweli. Imani tunaipokezana kama ilivyo, siwezi kuichezea. Lakini kila mche unaotoka kwenye mbegu, uwe na rangi gani, shina lake lina pembe nne. Mimi nazungumzia majani.

Tena kuna gharama. Anayetaka koliasi yake ipendeze hunyofoa maua kila yanapochomoza, kwa sababu mmea ukichanua hurefuka, majani hupungua, unaonekana umechoka. Ni sawa, ila ukinyofoa kila mara hutapata mbegu hata moja. Na sisi tunataka ibada iliyonyooka kila Jumapili, bila kosa.

Kwa hiyo nimekubaliana na wazee: Jumapili ya mwisho wa mwezi ibada yote ni ya vijana, na hakuna wa kuwasahihisha wakiwa madhabahuni. Watachelewa. Wataanza wimbo juu mno. Wazazi, naomba mkae mpaka mwisho.

Na mwenye koliasi iliyochanua, asiinyofoe. Vishada vikikauka nileteeni ndani ya bahasha. Jua la saa sita litaibabua, la asubuhi linaitosha. Mbarikiwe.