Ribavirini Ikiwemo, Mwambie Mwenzako

Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anatibiwa homa ya ini aina ya C, naomba mfungue pakiti za dawa na msome majina yaliyoandikwa. Mkikuta ribavirini, kuna jambo la kuzungumza leo hii, kabla ya kidonge cha kesho.

Tiba ya ugonjwa huu imepiga hatua kubwa. Zamani mgonjwa alichomwa sindano za intaferoni na kumeza ribavirini hadi wiki 48, na wengi hawakupona. Tangu dawa ya sofosbuviri iidhinishwe Marekani Desemba 2013, tiba ya vidonge vya wiki 12 imekuwa ikiponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Basi asiogope mtu kutibiwa. Ini likiachiwa virusi huingia makovu, na hata saratani. Ila ribavirini haijaondoka kabisa. Madaktari bado huiongeza kwa baadhi ya wagonjwa, hasa ambao ini lao limeharibika sana au tiba ya kwanza iligoma.

Na dawa hii ina ukali wake. Katika majaribio ya maabara imeonekana kudhuru vinasaba vya seli, na wanyama wenye mimba waliopewa walipoteza vijusi au kuzaa watoto wenye kasoro. Hujilimbikiza ndani ya chembe nyekundu za damu na kuziharibu. Ndiyo maana mgonjwa huhema akipanda ngazi, na ndiyo maana huitwa kupimwa damu tangu wiki za mwanzo. Tena hukawia kutoka mwilini.

Akina baba, nawasihi ninyi hasa. Wengi hudhani tahadhari ya mimba inamhusu mwanamke anayemeza vidonge tu. Sivyo. Mume akiitumia, mkewe asishike mimba muda wote wa dozi na angalau miezi 6 baada ya kumaliza. Mke akiwa ndiye mgonjwa, yapo maelekezo yanayomtaka asubiri miezi 9. Anayeficha vidonge kabatini kwa aibu anamnyima mwenzake nafasi ya kujikinga.

Nanyi wafamasia, semeni kwa mdomo, kwa Kiswahili. Karatasi ya herufi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi haimtoshi mtu.

Usiache dawa kwa hofu. Nenda kliniki na mwenzako, mmuulize daktari: ribavirini imo? Kwa nini? Na tusubiri hadi lini ndipo tutafute mtoto?