Hesabu Isiwe Sababu ya Kumtoa Mtoto Chuoni



Kila mitihani ya skuli ikikaribia, walimu wa madrasa tunaletewa salamu zilezile: "Ustadh, mtoto kafeli hesabu, atapumzika chuoni kwanza." Hatuwalaumu wazazi. Mtoto wa darasa la saba au kidato cha kwanza akirudi na alama 18 kwa 100, nyumba nzima huingia simanzi. Lakini tumeona wengi waliopumzishwa hivyo hawakurudi tena, wala hesabu hawakufaulu, kwani zile saa mbili za chuoni ziliishia uwanjani.

Tuseme kweli, nasi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Tunawazoesha watoto kuhifadhi, na Qur'ani hivyo ndivyo inavyoshikwa. Mtoto naye huipeleka njia hiyohiyo kwenye hesabu. Hukariri mfano wa ubaoni, namba zikibadilishwa tu anapotea.

Katika somo la mirathi tuliuliza: mtu amefariki, kaacha mke, mama na watoto wa kiume. Darasa zima likajibu: mke thumni, mama sudusi. Aya ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa wanazijua. Tukauliza, mke na mama kwa pamoja wanachukua kiasi gani? Kijana mmoja akaandika 2/14. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Hatukumchapa. Tulimwambia aifupishe, akapata 1/7. Tukamuuliza, 1/7 na 1/6 ipi kubwa? Hapo akashtuka: mama peke yake ana 1/6, sasa wawili wamepata pungufu ya haki ya mmoja! Tukachora mali mafungu 24. Mke 3, mama 4, jumla 7/24; watoto wakabakiwa na 17. Tangu siku ile hajalirudia kosa hilo.

Wala si jambo geni. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi.

Basi nyumbani ianzwe na karatasi iliyosahihishwa. Karatasi hiyo aghalabu imefichwa chini ya godoro, kwa sababu mara ya mwisho ilileta bakora. Mzazi aiombe kwa upole. Mtoto ayafanye upya maswali aliyokosa bila kuangalia, kisha aeleze kila hatua kwa mdomo. Mama ambaye hakusoma hesabu anaweza kabisa kuuliza, "Kwa nini umefanya hivyo?" Mtoto akikwama kueleza, hapo ndipo penye tatizo. Wengine watakutwa wanaelewa vizuri ila 7 mara 8 inawashinda; hao wanahitaji jedwali la kuzidisha, dakika 20 kila siku, si tuisheni ya fedha nyingi. Na kukesha usiku wa mtihani tunaomba kukomeshwe.

Kwa upande wetu, wiki tatu kabla ya mitihani tutafundisha saa moja tu baada ya Alasiri, na kazi ya kuhifadhi tutaipunguza. Nanyi wanafunzi, mwenye karatasi ya alama mbaya aje nayo chuoni. Tutakaa naye robo saa baada ya sala, na bakora itabaki kabatini.

Wabillahi tawfiq.